Maongezi ya Juma: Siku 80 za Kabambare



Tumepata barua ya mama mmoja Mkristu wa upande wa Kabambare. Jina lake hatulitaji, wala jina la padre anayemsema. Habari yake kwa kifupi ni hii: padre wao mmisionari, aliyekaa nao miaka mingi, aliyewabatiza watoto wake na sasa anawabatiza wajukuu wake, ameanza kusema waziwazi kwamba anajiuliza mbele ya Mungu kama yampasa kubaki, au kuvuka bahari na kushika utume mwingine. Askofu hajamwamuru neno. Ugomvi hakuna, wala ugonjwa. Ni yeye mwenyewe asiyetulia. Mama huyo anauliza: je, Mungu akishamwita mtu mahali, hugeuza nia yake? Na kama hageuzi, basi padre wetu anasikia sauti ya nani?

Tulipoisoma barua hii, wa kwanza kati yetu alitaka kuijibu kwa neno moja: utii. Neno hilo ni kweli, lakini halijibu swali. Utii huanza pale amri ilipotoka. Padre huyu yumo katika siku zile zilizo kabla ya amri, siku ambazo mtu hana wa kumlaumu wala wa kumfuata, naye hukesha peke yake na taa yake. Siku za namna hiyo zina hatari zake. Na kwa kuwa barua imetoka Kabambare, tumekumbuka kwamba katika mji huohuo mmisionari mmoja alipata kulala ndani ya kibanda siku 80 bila kutoka nje, akipimana na swali hilohilo.

Mtu huyo hakuwa Mkatoliki. Alikuwa Mprotestanti wa Scotland, David Livingstone. Watoto wa shule wanalijua jina lake kwa habari za mito na maziwa, na kwa habari ya Stanley kumwamkia pale Ujiji. Sisi leo hatutafuti mito. Twataka kumtazama kama mtu aliyebadili kazi yake ya Mungu, tena si mara moja.

Alizaliwa mwaka 1813 huko Blantyre. Akiwa na miaka 10 aliingizwa kufanya kazi katika kiwanda cha pamba. Baadaye alisoma uganga, akajitoa kwa Shirika la Misioni la London, naye moyo wake wote ulikuwa China. Vita vya kasumba vilivyoanza mwaka 1839 vikaufunga mlango huo. Akakutana na Robert Moffat, mmisionari wa kusini mwa Afrika, akageukia huku kwetu, akafika rasi ya kusini mwaka 1841. Mama yetu wa Kabambare na aone hapo: badiliko la kwanza halikutoka moyoni mwa Livingstone hata kidogo. Yeye aliomba China, akapewa Afrika. Ni mara ngapi mlango uliofungwa umesema wazi kuliko sauti yoyote!

Badiliko la pili ni gumu zaidi kulipima. Alikaa katika misioni miaka kadhaa, akaoa binti wa Moffat, Mary, akajenga nyumba Kolobeng kwa Wakwena. Mwaka 1848 akambatiza mfalme wao Sechele, naye ndiye peke yake anayetajwa kuwa mwongofu wake. Baada ya miezi michache Sechele akamrudia mmoja wa wake aliowaacha, Livingstone akamfungia meza ya Bwana. Alihuzunika mno. Tokea hapo macho yake yakawa njiani: kuvuka bara, kufungua njia za biashara halali, kuua biashara ya watumwa. Mwaka 1852 akawarudisha mkewe na watoto Uingereza, akaenda. Alifika Luanda mwaka 1854 na Quelimane mwaka 1856, yaani alilikata bara kutoka bahari hata bahari. Wakubwa wa Shirika wakamwandikia kwamba hawana uwezo wa kusaidia mipango ambayo haihusiani na Injili ila kwa mbali. Mwaka 1857 akajiuzulu. Mwaka uliofuata akarudi Afrika akiwa konsuli wa serikali yake, mshahara wake ukitoka kwa wakubwa wa dunia. Yeye mwenyewe alishikilia kwamba hajaacha kuwa mmisionari.

Je, alisikia vema? Wengi humsifu, wengine humlaumu, na sisi hatuthubutu kukaa katika kiti cha Mungu. Lakini tukiulizwa, twasema kwamba kuna jambo moja linatusumbua. Gharama ya badiliko lile ililipwa kwa sehemu kubwa na watu wengine. Wamisionari waliokwenda kwa Wakololo kwa ajili ya mwito wake, akina Helmore na Price na jamaa zao, wengi wao walikufa Linyanti mwaka 1860, naye hakuwapo kuwapokea. Mkewe Mary, aliyekuwa ameishi miaka mingi bila mume, alimfuata Zambezi akafa kwa homa pale Shupanga tarehe 27 Aprili 1862. Mwana wao Robert alikwenda Marekani, akaandikwa askari kwa jina lisilo lake, akafa kifungoni mwaka 1864. Mtu akisema, "Mungu amenigeuzia njia," ni haki kumwuliza, "Na nani atalipa nauli?"

Mambo ya Sechele pia yana neno la kutufunza. Livingstone aliondoka akidhani kwamba kazi yake kwa Wakwena haikuzaa kitu. Baada ya yeye kuondoka, Sechele hakuacha kusali wala kuwahubiri watu wake mwenyewe, akafanya hivyo miaka mingi. Mkulima alikuwa amehama shamba kabla mbegu haijachomoza.

Sasa twafika kwetu. Mwaka 1866 Livingstone alitoka pwani, akapita Ruvuma na Nyasa, akaona ziwa Mweru na ziwa Bangweulu, akafika Ujiji mwezi wa Machi 1869 akiwa amebebwa kwa machela, mapafu yakimwuma. Mwezi wa Julai akavuka Tanganyika, na tarehe 21 Septemba 1869 akaingia mji aliouandika kwa jina la Bambarre, ndio Kabambare yenu. Alisafiri pamoja na wafanya biashara wa kutoka pwani, hasa Muhammad bin Gharib, aliyemtunza kama ndugu. Hapo pana fumbo ambalo yeye mwenyewe alilijua na kulionea uchungu: alichukia biashara ya watu kwa moyo wake wote, lakini alikula, akatibiwa na kusafiri kwa hisani ya watu walioifanya.

Aliitafuta Lualaba, akidhani ni mwanzo wa Nile. Mwezi wa Juni 1870 watu wake walimkatalia, akaondoka na watatu tu, Susi, Chuma na Gardner. Mvua, matope, misitu. Miguu yake ikaota donda ndugu, lile ambalo kila mzee wa Maniema analijua, linalokula nyama hata likaonekana jeupe la mfupa. Tarehe 22 Julai akarudi Kabambare akichechemea, akaingia kibandani. Hakutoka nje mpaka tarehe 10 Oktoba. Dawa nyingi hazikufaa. Iliyomsaidia alifundishwa na watu wa pwani: jiwe la kijani lenye shaba husagwa kwa maji juu ya jiwe jingine, halafu hupakwa kwa unyoya wa ndege. (Wauguzi wetu wasiijaribu, siku hizi kuna dawa zilizo bora.) Katika kukaa kwake Maniema aliisoma Biblia yote, kutoka mwanzo hata mwisho, mara 4.

Mtu aliyezoea kutembea bara zima, aliyekwisha acha misioni kwa ajili ya njia, sasa njia yenyewe imemkatalia. Hana barua. Hana Ekaristi, hana askofu, hana ndugu wa shirika wa kumwambia, "Umechoka, ngoja." Ana kitabu chake na watu wake watatu. Twadhani ni hapo alipokuwa mmisionari kuliko alipokuwa mashuhuri.

Wanafunzi wa Wajesuiti watakuwa wamekwisha kumkumbuka mtu mwingine aliyelazwa kwa mguu. Mwaka 1521 kombora la mzinga lilimvunja mguu askari mmoja wa Hispania, Inyasi wa Loyola. Kitandani aliomba vitabu vya mashujaa, akapewa vile vilivyokuwamo nyumbani, maisha ya Kristu na ya watakatifu. Alipofikiri habari za vita alifurahi kwa muda kisha akabaki mkavu. Alipofikiri habari za watakatifu furaha ilikaa. Kutokana na hayo Mtakatifu Inyasi alijifunza kupambanua roho, akawaachia wanawe kanuni moja ambayo twataka padre wa Kabambare aikumbuke, ingawa bila shaka anaijua kuliko sisi: wakati wa giza na ukavu wa roho, usibadili uamuzi uliofanya wakati wa nuru. Kaa palepale, sali zaidi, ngoja. Giza ni mshauri mbaya. Mtu aliyechoka huona kwamba kila nchi nyingine ina wito.

Livingstone hakuzijua kanuni hizo kwa jina, lakini Kabambare alizifuata. Hakuamua kurudi Ulaya katika siku zile 80, wala katika miezi ya kungoja iliyofuata. Tarehe 4 Februari 1871 wakamfikia watu 10 waliotumwa kutoka Unguja, wakitaka kuongezwa mshahara na kukataa kwenda mbele. Kesho yake alimwandikia rafiki yake Horace Waller barua ya uchungu mwingi, akiona shaka kama wataonana tena duniani. Kwa kukosa karatasi aliandika juu ya vipande vilivyokwisha pigwa chapa, hata maandiko yake yakafifia yasisomeke. Wataalamu waliyafufua kwa mianga ya rangi mbalimbali, wakaitangaza barua hiyo mwaka 2010. Tarehe 16 Februari akaondoka Kabambare, miguu imepona.

Alifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba upande wa kaskazini wa Kasongo, mwishoni mwa Machi. Miezi mitatu na zaidi aliomba mitumbwi ya kuvukia, hakupata. Alipenda kwenda sokoni. Wanawake walikuja kwa mamia na samaki, kuku, chumvi, vyungu, wakipatana bei kwa kicheko, na kalamu yake huchangamka kila anapolitaja soko hilo. Wino ulipomwishia alitumia rangi nyekundu ya mzingifuri, akaandika juu ya magazeti ya zamani, kukatiza mistari iliyopigwa chapa.

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa wafanya biashara waliingia na bunduki. Wakagombana juu ya bei ya kuku. Kisha risasi. Watu wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa ikazama, na wengine waliogelea kwenda kisiwa cha mbali, vichwa vikitoweka kimoja kimoja majini. Wafanya biashara wenyewe walikisia kwamba walikufa watu kati ya 330 na 400. Livingstone alishika bastola yake ili awapige wauaji, akazuiwa. Akaandika yote.

Yatupasa kusema pia lisilopendeza. Wataalamu waliosoma upya karatasi zile za magazeti, kazi iliyotangazwa mwaka 2011, wameona kwamba maneno ya siku ile na maneno aliyoyanakili baadaye hayalingani kila mahali, hasa katika habari za watu wake mwenyewe, wale 10 waliotoka Unguja. Wameuliza kama baadhi yao hawakushiriki katika uovu ule. Swali hilo hatuwezi kulifunga. Lakini atakayemfanya Livingstone malaika hatausoma vema moyo wake.

Hapo Nyangwe ndipo badiliko la tatu lilipotokea, nalo halikuwa la kupanga. Njia ya mbele ilikuwa imebaki moja, kwenda pamoja na watu waliomwaga damu ile. Hakuweza. Tarehe 20 Julai akaiacha Lualaba, akarudi Ujiji kwa miguu, akitupiwa mikuki njiani na wenyeji waliomdhani kuwa mmoja wa wauaji. Mito aliyoitafuta miaka mitano aliipa kisogo. Nao kwa kweli haukuwa Nile: Stanley, aliyepita Kabambare mwaka 1876, aliufuata mto ule mpaka Boma mwaka 1877, ukaonekana kuwa ndio Kongo. Basi, katika jambo alilolisafiria Livingstone alikosea. Jambo ambalo hakulisafiria, yaani ushahidi wa soko la Nyangwe, ndilo lililosikika Uingereza mwaka 1872 na kuongeza hasira ya watu juu ya biashara ya watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Livingstone hakupata habari hiyo. Alikuwa amekufa mwanzoni mwa Mei kwa mfalme Chitambo, karibu na Bangweulu, baada ya kumkatalia Stanley aliyemsihi warudi wote Ulaya. Kukataa huko kulikuwa uaminifu au ukaidi? Kati yetu tunaoandika ukurasa huu, wawili husema uaminifu, mmoja husema ukaidi, na mwenye kusema ukaidi ndiye anayempenda Livingstone zaidi.

Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake hata pwani, safari ya miezi mingi. Mwezi wa Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo, na Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaupokea, ukalala usiku ule katika misioni ya Kikatoliki. Ndivyo hawa walioachana katika imani walivyokutana juu ya jeneza moja, miaka 90 kabla Mtaguso wa pili wa Vatikano kutufundisha kuwaheshimu ndugu waliotengana nasi.

Turudi kwa padre wetu. Tofauti yake na Livingstone ni kubwa. Livingstone, tangu mwaka 1857, hakuwa na mtu wa kumwambia "hapana" kwa jina la Kanisa. Padre anaye. Ana mkubwa wa shirika, ana askofu, ana ndugu wa kula nao mezani wanaomjua akiwa amekasirika na akiwa ametulia. Dalili moja nzuri mama ameiandika bila kujua: padre anasema waziwazi. Roho mbaya hupenda siri. Mtu anayeleta wazo lake mezani ili lipimwe, lipatwe na kupigwa, huyo bado anatafuta mapenzi ya Mungu. Mwenye kufunga sanduku usiku amekwisha yapata yake mwenyewe.

Wala jimbo la Kasongo si geni kwa watu waliohama. Askofu Richard Cleire, wa Mapadre Weupe, alikuwa akiongoza Vikariati ya Kivu. Mwaka 1952, Vikariati ya Kasongo ilipoanzishwa, alitumwa aianze, akaacha nyumba iliyokwisha simama kwenda kuchimba msingi. Na wazee wanamkumbuka Askofu Christophe Munzihirwa. Huyo alipewa daraja ya upadre mwaka 1958, akiwa padre wa jimbo. Baada ya miaka mitano, mwaka 1963, alijiunga na Shirika la Yezu akawa mnovisi tena, kama kijana. Ameacha nini, watu waliuliza, si yu padre tayari? Mwaka 1986 Kanisa likamwondoa katika uongozi wa Wajesuiti wenzake, likamleta Kasongo. Mwaka 1990 akawa askofu wenu. Mwaka 1994 likamwondoa tena, akapewa Bukavu, mwaka uleule ambao wakimbizi wa Rwanda walifurika mjini. Badiliko la kwanza aliliomba, mengine aliagizwa. Katika yote alikwenda mahali ambapo kazi ilikuwa nzito kuliko pale alipotoka. Tarehe 29 Oktoba 1996, vita vilipoingia Bukavu, aliuawa barabarani. Angeweza kukimbia; alibaki na watu wake.

Mama, hatusemi kwamba padre wako akienda atakuwa amekosa, wala akibaki. Njia za safari zenyewe zimegeuka. Leo mapadre na masista waliozaliwa Kongo wanatumikia parokia za Ulaya na za Marekani, nao huko wanajiuliza maswali yaleyale mbele ya tabernakulo zisizo na watu wengi. Labda huko ng'ambo yupo mtu anayengoja hasa yale ambayo padre wako amejifunza kwenu: kumzika mtoto wa jirani, kusubiri mvua, kusali kwa Kiswahili ambacho kilifika Maniema kwa njia ileile ya misafara na minyororo, na ambacho neema imekitakasa kikawa lugha ya Misa. Labda pia amechoka tu, na anahitaji likizo, dawa ya malaria, na Wakristu wanaomletea mayai bila kumwomba kitu.

Ninyi mnaweza kumsaidia kulijua hilo, nanyi mna haki ya kusema. Dominika ijayo baada ya Misa, wewe na mzee wa kanisa na katekista nendeni kwake. Msilie wala msimshike kanzu. Mwulizeni wazo hili lilimjia siku gani, siku ya furaha au siku ya uchungu, na kama lingali likikaa wakati amani imemrudia. Mwambieni kwa kweli yale mnayoyaona, hata kama ni haya kwamba watoto wa shule hawamwelewi tena kwa sababu sauti yake imekuwa ndogo. Kisha mwacheni akaongee na mkubwa wake, nanyi msalini Novena ya Roho Mtakatifu bila kumwambia Roho jibu mnalolitaka.

Tuandikie namna mambo yalivyokwenda. Juma lijalo tutamjibu mwanafunzi wa Kasongo aliyeuliza kama msimamizi wa ubatizo aweza kuwa msimamizi wa ndoa pia.